Chupa za Mjomba

9 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, naomba nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Dawa zote ambazo Mjomba anatia kwenye tangi lake la samaki kila jioni ni maji matupu. Mimi ndiye ninayezijaza.

Sasa salamu. Shikamoo Bibi. Natumaini u mzima, na cherehani ni nzima. Sisi huku hatujambo. Anti anakusalimu sana. Mjomba naye anakusalimu, ingawa hajui kama naandika, lakini ungemuuliza angesema anakusalimu. Majibu ya maombi yangu ya chuo bado hayajatoka. Mabomba ya mtaa huu nayo bado yanakohoa tu, yakitoa maji yanatoa ya rangi ya chai. Majirani wakikutana na Mjomba getini wanamuuliza, maana yeye ndiye mkubwa wa idara ya maji, naye anawajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Anajibu kwa upole sana. Nadhani hata mimi ningeridhika kama nisingekuwa nabeba ndoo.

Sebuleni lakini kuna bahari. Sijui Mama alikueleza vipi, mimi nakueleza nilichokikuta. Ni tangi la kioo, refu kama kitanda chako, lina taa za buluu, mawe, konokono, samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe hai. Matumbawe nilikuwa nadhani ni mawe, kumbe ni viumbe, vinafunguka na kufunga kama viganja. Kubwa kuliko yote tunaliita Mwenyekiti, kwa sababu sote tunalisubiri na lenyewe linafunguka likitaka.

Humu ndani sote tunaishi kwa ajili ya tangi. Hatupulizi manukato. Hatukaangi kitu mlango wa jikoni ukiwa wazi. Umeme ukikatika, jenereta inaendesha pampu na kipasha joto cha samaki, friji inangoja. Anti husema, "Siku nikizimia mnichovye humo, ndipo nitahudumiwa."

Tatizo, Bibi, ni kwamba Mjomba hawezi kuyaacha yale maji. Kila jioni akitoka kazini, kabla hajavua viatu, anachota kidogo kwenye vibomba vya kupimia, anadondoshea rangi, anainua kwenye taa. Rangi ikiwa imepauka anatia chupa ya kupandisha kipimo. Kesho yake imekolea, anatia chupa ya kushusha. Chupa hizo anauziwa na muuza samaki mmoja ambaye Anti amembatiza Bwana Chupa. Bwana Chupa ana chupa ya kupandisha, ya kushusha, na moja ya kutuliza maji yaliyochoshwa na hizo mbili. Siku moja Mjomba alitia mbili kwa mpigo, maji yakawa meupe kama uji, na Mwenyekiti akajifunga akawa kama soksi iliyokunjwa. Akabaki hivyo. Mjomba akawa anatembea sebuleni kwa vidole vya miguu kama kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Mimi sikupanga kitu, Bibi. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye ile rafu, nikaiangusha chupa ya kupandisha, ikamwagika yote. Niliogopa. Unanijua, mimi hata kumwambia mtu amenikanyaga siwezi. Nikaijaza maji yale yaliyochujwa ya kwenye pipa, nikairudisha. Jioni Mjomba akatia kipimo cha kofia nzima ya chupa, akasubiri, akatikisa kichwa kama mpishi aliyeonja. Sikulala vizuri. Asubuhi hakuna aliyekufa. Siku chache baadaye Mwenyekiti akatoa kidole kimoja.

Basi nikamwaga na ya kushusha. Halafu na ile ya kutuliza. Sasa rafu nzima ni maji.

Kazi zangu mbili nazifanya kama Mjomba alivyoniachia, maana yeye zinamchosha. Maji yakipungua naongeza maji safi yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayopanda hewani ni maji tu, chumvi hubaki. Na kila Jumamosi natoa ndoo chache za maji ya zamani, natia mapya yenye chumvi ile ile na joto lile lile. Basi. Sifanyi kingine. Naogopa kila siku, lakini Mwenyekiti anazidi kufunguka.

Nifanyeje? Tafadhali usiniulize kwenye simu, simu ya hapa inawekwa spika.

Mjukuu wako,
Kimya


27 Februari

Mke mwenzangu Kimya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti nikaisoma upya. Tangu lini mtu akaanza na siri ndipo akaja na salamu? Ningekuwa na roho nyepesi ungenikosa. Nilikuwa na pini mdomoni, nimecheka mpaka moja ikanidondoka na sijaiona hadi leo. Ukija utembee na viatu.

Huku wazima. Mama yako anapita kila jioni akitoka kazini, ananiuliza nimekula nini, nikimwambia anasema si chakula. Fundi viatu jirani yangu amenunua redio mpya, kwa hiyo na mimi nimenunua. Nina kazi ya sare za wahudumu wa hoteli, suruali tupu, na kila mhudumu ananenepa kati ya kupimwa na kujaribishwa. Marehemu mume wetu angekuwepo angenisaidia kupiga pasi, lakini katuacha wote wawili, wewe na mimi, bila hata kutuaga vizuri.

Sasa huyo mjomba wako. Alipokuwa mdogo alipanda maharage kwenye kopo. Kila asubuhi akawa anayafukua aone kama yameota, anayafukia, kesho anayafukua. Yalipokufa akalia, akasema udongo wetu mbaya. Nikampandia mengine kopo jingine, nikalificha juu ya kabati. Yalipoota nikamwambia ni yale yale yake. Amekua anaamini ana mkono wa kilimo. Kwa hiyo hilo kosa la chupa usilibebe peke yako, mimi ndiye niliyeanza.

Endelea, mwanangu, lakini usizoee. Na uso wako uuangalie, wewe ukiwa na siri unakodoa kama hao samaki.

Mimi mzima kabisa. Ukisikia mambo ya ngazi kutoka kwa mama yako, hayo ni maneno yake.

Bibi yako


30 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeanza na salamu kama ulivyonifundisha. Natumaini pini imepatikana. Sisi wazima, isipokuwa Anti ana mafua. Chuo bado kimya.

Mambo gani ya ngazi, Bibi?

Huku mambo ni mazuri mpaka yanatisha. Mwenyekiti amefunguka kabisa, amekuwa mpana kama sahani ya pilau ya wageni. Na kuna kijitumbawe kingine kimechomoza pembeni ya jiwe, hatukukinunua, kimekuja chenyewe. Mjomba akipima jioni anakuta kama jana, na jana ilikuwa kama juzi. Mwanzoni alishuku vibomba vimeharibika. Akanunua vingine. Vikasema vile vile. Ndipo akakaa kwenye kochi, akavua miwani, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeyaweza." Bibi, machozi yalimlengalenga. Nilitaka kumwambia ukweli palepale, lakini nikaona ana furaha, nikaenda kuosha ndoo.

Tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Kuna chama cha watu wenye matangi kama haya, wanakuja kuangalia. Yumo daktari wa meno, yumo mwalimu mkuu, yumo mama mmoja mwenye duka la magodoro. Wanasimama mbele ya kioo na soda mkononi, wanauliza siri ni nini. Bwana Chupa anasema siri ni chupa zake. Mjomba anasema chupa yeyote anaweza kuwa nazo, siri ni mkono. Anauinua mkono wenyewe, wanautazama.

"Mkono huo huo ulioshindwa kufunga koki ya choo," Anti akasema kutoka jikoni.

"Mke wangu hutania," Mjomba akawaambia.

Kazini nako ameipeleka siri hiyo. Amewafundisha wafanyakazi wa idara ya maji somo linaloitwa utulivu, lilichukua asubuhi nzima. Siku hiyo mtaa wetu haukupata maji kwa sababu mafundi wote walikuwa darasani.

Jambo moja silielewi. Juzi Mama alipiga simu, Mjomba akaenda kuongea nje. Aliporudi akachukua futi kamba akaingia kwenye kile chumba kidogo ninachowekea ndoo na magunia ya chumvi. Alipima ukuta mmoja, akapima na mwingine. Nikamuuliza kama niondoe ndoo. Akasema, "Bado." Alinipiga bega kwa upole, kama mtu anayekupa pole.

Bibi, u mzima kweli? Niandikie haraka.

Mjukuu wako,
Kimya


19 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenizidi. Mwandiko ukiuona umelala, ni kwa sababu naandikia mahali tofauti na siku zote.

Pini sijaipata. Fundi viatu anakusalimu, analeta supu kila siku, sijui kaota nini. Redio yake imeharibika, kwa hiyo anakuja kusikiliza yangu. Sare za hoteli nimempa mwanafunzi wangu wa zamani azimalizie. Cherehani nimeipumzisha kidogo, ile kanyagio ilikuwa imeanza kulia. Nimeifunika shuka. Nikiitazama hapo ilipo naona kama mgeni aliyekuja akasinzia.

Nimefurahi kusikia Mwenyekiti anaendelea vizuri. Hicho kitoto chake kimekuja chenyewe kwa sababu hakuna aliyekiita.

Nijibu hili: hicho chumba anachokipima kina dirisha?

Bibi yako


2 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Anti amepona. Mabomba yalitoa maji Jumanne, watu wakapiga vigelegele, yakakatika.

Kina dirisha. Linatazama ukuta wa jirani.

Naona unajua tayari, na naona hukutaka kuniambia. Mama amemwambia Mjomba kwamba ulianguka mlango wa nyuma. Mjomba ametutangazia mezani kwamba anakuleta huku mwisho wa mwezi ujao, na si kwa matembezi. Nyumba yako itapangishwa. Cherehani haitakuja, amesema mwendo wa kanyagio ni hatari kwa umri wako na kelele zake zitashtua samaki. Ndoo zangu zimehamia chini ya ngazi na kitanda kimeshanunuliwa, bado kiko ndani ya nailoni.

Bibi, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana sijaweza kuyasahau. Alisema, "Kama nimeweza kuiweka bahari hai sebuleni kwangu, nitashindwaje kumweka hai mama yangu mzazi?"

Anti alisema, "Mama si konokono."

Mjomba akasema kanuni ni ile ile. Amenunua mashine ya presha, atakupima asubuhi na jioni. Amenunua kipimajoto cha chumba. Amepanga saa zako za jua. Na Bwana Chupa ana kaka yake anayeuza chupa za watu, za kuimarisha mifupa, za kuongeza damu, na moja ya kutuliza mwili uliochoshwa na hizo mbili.

Nilikimbilia bafuni nikafungua koki ili nisisikike nalia, nikakumbuka haina maji. Walinisikia.

Ni mimi, Bibi. Ningeziacha chupa zile zifanye kazi yake, Mwenyekiti angekufa, Mjomba angejua hawezi, asingethubutu hata kufuga kuku. Nimemfanya aamini. Sasa anakuja kukufukua wewe kila asubuhi kama yale maharage.

Nimwambie ukweli? Akijua nimemdanganya atanirudisha nyumbani na pengine sitasoma, lakini hilo si kitu. Kinachonitisha ni kwamba hataamini. Atasema maji yametulia kwa sababu yake na mimi ni mtoto tu. Niambie unataka nini. Safari hii usiniambie habari za redio.

Mjukuu wako,
Kimya


11 Juni

Kimya,

Marahaba. Nimejibu siku ile ile nilipoipokea, ujue nimekasirika.

Haya, nilianguka. Ngazi ya mlango wa nyuma ilikuwa na maji, na nilikuwa nimebeba beseni, na nilikuwa namsengenya fundi viatu kwa sauti nikidhani hayupo, naye alikuwepo. Ndiye aliyeniinua. Ndiyo maana ya supu. Mguu ulifungwa, sasa umefunguliwa, daktari wa hospitali amenipa dawa na mkongojo. Mkongojo nautumia kufungia mlango.

Sitaki kuja. Si kwamba simpendi mwanangu. Nampenda, na ndio shida yenyewe. Alinipigia akalia, Kimya. Mtu mzima, mkubwa wa idara, analia kwenye simu, "Mama, usinifie." Nikamwambia nitafikiria. Na yeye, tangu utoto, nitafikiria ni ndiyo.

Dirisha langu linatazama njia. Naona nani kapita na nani, naona suruali niliyoshona mwenyewe inavyomkaa mwenye nayo. Mteja akinikuta nimefunika cherehani anabisha hodi kwa sauti ya msiba. Nikija huko nitakaa natazama ukuta, napimwa joto. Nitakufa na vipimo vizuri.

Unaniuliza unifanyie nini. Rudisha dawa za kweli kwenye chupa. Wafe wachache tu, si wote, ajione hawezi. Huyo Mwenyekiti akienda, nitakushonea mwingine wa kitambaa cha velveti, hatataka hata chumvi.

Bibi yako, mzima


8 Julai

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mkongojo sasa unatumika kutembea. Huku wazima wote, na wote maana yake na samaki.

Nilijaribu, Bibi. Chupa moja ya kweli ilikuwa imebaki, Bwana Chupa aliileta kama zawadi. Niliifungua kofia, nikasimama mbele ya kioo. Mwenyekiti alikuwa amenyoosha vidole vyote, vinacheza taratibu, na kile kitoto chake kinamwigiza. Nikaona wao hawajapanga kumhamisha mtu yeyote. Nikaifunga.

Jumamosi chama kikaja, chote, na wasaidizi wa Mjomba wawili wa kazini. Ilikuwa siku ya Mjomba kutoa mada. Alivaa suti. Maji ya bomba hayakuwepo, kwa hiyo nilisimama mlangoni na jagi nikiwanawisha wageni, kisha nikabeba trei ya soda. Mjomba alisimama kando ya tangi akaanza. Nakuandikia nilivyosikia.

"Ndugu zangu, watu wanatafuta maji bora. Mimi nasema, tafuteni maji yaliyotulia!"

"Ya mtaani kwetu yametulia mno," akasema mama wa magodoro. "Hayatoki kabisa."

Watu wakacheka, wasaidizi wa kazini wakatazama viatu vyao. Mjomba akangoja, akaendelea. Akasema kiumbe hafi kwa sababu chumvi imezidi kidogo au joto limepungua kidogo. Anakufa kwa kubadilishiwa ghafla. Alisema vizuri, Bibi. Ni kweli tupu, na sijui kama alikuwa anayajua siku zote hayo huku akitia chupa mbili kwa mpigo.

Daktari wa meno akainua mkono. Anahamia nyumba mpya, kubwa zaidi, sebule ina hewa nzuri. Je, ahamishe tangi?

"Usithubutu!" Mjomba akasema. "Hapo ndipo wengi wanaua. Wanasema nampeleka pazuri. Pazuri kwa nani?"

Hapo ndipo jambo likanitokea. Sijui lilitoka wapi. Nilikuwa nimeshika trei, nikasikia sauti yangu.

"Mjomba, na kama ni mzee?"

Sebule nzima ikageuka. Bwana Chupa akasema, "Loo! Kumbe anaongea!"

Nikatamani nizame kwenye ndoo. Lakini Mjomba uso ulimng'aa. Nadhani alifurahi kwamba hata mimi, ambaye sijawahi kumuuliza kitu, nimeguswa na mada.

"Swali zuri sana, mwanangu! Sikilizeni. Mzee ndiyo kabisa usimguse. Mzee ameshazoea maji yake, mawe yake, hata ule uchafu wake wa pembeni ameshauzoea. Ukimtoa ukamtia kwenye maji mazuri kuliko yake, anakufa kwa hayo mazuri."

"Na akiwa ameumia?" nikauliza. "Pezi moja, labda."

"Unamtibu hapo hapo alipo! Unampelekea huduma, humpeleki yeye!"

Wakapiga makofi. Mwalimu mkuu alisema, "Umenena." Anti alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Hakupiga makofi.

"Mume wangu," akasema, "hapo mwisho sikusikia vizuri. Hebu rudia."

Mjomba akageukia kwake akapaza sauti, maana anapenda kurudia. "Nimesema unampelekea huduma, humpeleki ye..."

Akaishia hapo.

Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wazi nyuma ya Anti. Kitanda kilikuwa kinaonekana, na nailoni yake inang'aa kwa ile taa ya buluu. Mjomba alikitazama, akanitazama mimi, akatazama tangi. Wageni hawakuelewa kwa nini ameishia hapo. Daktari wa meno alidhani mada imekwisha akaanza kupiga makofi tena. Bwana Chupa akasema kama kuna wanaohama, anayo chupa ya safari.

Wageni walipoondoka Mjomba alikaa kwenye kochi bila kuvua suti. Hakupima maji jioni ile. Ni mara ya kwanza tangu nije. Niliokota glasi polepole, nikingoja kufokewa. Akasema tu, "Kimya, yule samaki uliyemuuliza. Anasema mwenyewe hataki kuhama?"

Nikamwambia, "Anasema dirisha lake linatazama njia."

"Na mimi mbona hakuniambia?"

"Ulilia, Mjomba. Akaogopa."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto, "Nitajuaje kama yuko sawa, kama simpimi?"

Nadhani ile ndiyo shida yake yote, na chupa, na vibomba, na maharage. Nikamwambia mnaweza kuandikiana barua, yeye na wewe, na kwamba mimi naandika na huwa inasaidia. Akasema atafikiria. Sijui kwake nitafikiria maana yake nini.

Siku nne akawa kimya, tukawa wawili. Jana asubuhi mezani akakohoa, akatutangazia kwamba baada ya utafiti wa kina amegundua kuwa mzee hahamishwi. Alieleza kanuni zote upya, kama sisi hatukuwepo Jumamosi. Anti akasema, "Hongera kwa ugunduzi." Kitanda kinarudi dukani. Ndoo zangu zimerudi kwenye kile chumba kidogo. Mjomba atakuja huko mwezi ujao kutengeneza ngazi ya mlango wa nyuma na kuweka kishikio cha mkono. Atafanya kwa mkono wake mwenyewe. Anti atampigia fundi mwashi aje siku inayofuata, usishtuke ukiona ngazi inajengwa mara mbili. Funua cherehani, Bibi.

Mjomba hajauliza kitu kuhusu rafu. Anatia chupa zake kila jioni kama zamani. Jana alinikuta naongeza maji kwenye tangi, akasimama nyuma yangu muda mrefu, nikadhani nimekamatwa. Akasema, "Taratibu hivyo hivyo," akaondoka. Pengine anajua. Pengine hajui. Chuo kikiniita nitamwonyesha kazi ya Jumamosi kwanza, nitamwambia ndiyo siri kubwa kuliko zote, ataipenda.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo la muhimu. Pamoja na barua hii utapokea boksi. Limetoka kwa Mjomba. Ndani kuna zile chupa za kaka yake Bwana Chupa, ya mifupa, ya damu, na ya kutuliza. Amesema kwa kuwa humpeleki yeye, unampelekea huduma. Anataka unywe kijiko asubuhi na jioni, na atapiga simu kuuliza unajisikiaje.

Dawa za daktari wa hospitali endelea nazo kama alivyokuandikia. Ila hizi za kwenye boksi nimezifunga mimi, na kabla ya kuzifunga nilizimwaga zote. Nimejaza maji ya kuchemsha na limau kidogo. Ukitembelewa na Mama, kunywa mbele yake na ukunje uso, maana za kweli nilizionja na ni chungu sana. Na Mjomba akipiga, mwambie unaona mabadiliko, lakini taratibu.

Tafadhali Bibi, usimwambie Mama, wala fundi viatu hata akileta supu. Ibaki kwetu wawili, mke mwenzangu.

Mjukuu wako anayekupenda,
Kimya